Kijani Hai, Ardhi Mfu

2 Shahrivar

Mhandisi Kiani ameugawa mji leo kama mtu anayekata tikiti maji, kila mmoja na kipande chake, na mimi nimeangukiwa na kipande cha mashariki. Nikamwambia kipande hicho kina bustani ya baba yangu. Hakuinua hata macho. "Bi Mahrokh, mji huu kila kipande kina baba wa mtu. Nenda kachore."

Kazi yenyewe ni rahisi kuisema: tembea, tazama, paka rangi kwenye ramani. Penye miti inayopumua ni kijani. Palipochoka lakini panaweza kurudi ni njano. Ardhi mfu ni kijivu. Mifereji nayo ina mambo yake: bluu kama ni madi, mfereji wa kale wenye haki ya maji ya mto, kijivu kama ni mtaro tu wa barabarani. Mwisho wa mwezi wa Aban, miezi mitatu kutoka leo, orodha inafungwa. Halafu mto ukifunguliwa kutoka bwawani kwa siku chache za vuli, maji yatapelekwa kwenye kijani na njano peke yake. Mwenye kijivu hapati tone, ila anaruhusiwa kujenga au kuuza.

Jahangir akisikia ataanza kuniita dada mpenzi. Ndugu yangu huyu hajawahi kuniita hivyo bila sababu.

3 Shahrivar

Joto. Nimeshinda ndani ya mifereji mikavu. Nimeokota kiatu kimoja cha mtoto, kipya kabisa.

9 Shahrivar

Ijumaa, chakula cha mchana kwa Baba. Jahangir alikuwa amekwisha sikia. Anaishi pale pale na Baba tangu Mama alipofariki, anatengeneza mashine za kupozea hewa, na mdomo wake haupoi.

"Dada mpenzi," akaanza, nami nikacheka kabla hajamaliza. "Cheka tu. Wewe paka kijivu, tuuze, tumchukue mzee twende Rasht. Rafiki yangu ananiita kazini kule mara ya pili sasa. Watu wa kule wanalalamika eti mvua imezidi! Fikiria mtu analalamika mvua!"

"Rasht ukifua soksi haikauki mpaka uzeeke," Baba akasema.

"Na hapa ukiivaa inapasuka, Baba."

"Basi tembea peku. Bustani siiachi."

Jahangir akatupa mkate mezani, akaenda kuvuta sigara uani. Nilimwona ana roho ya dalali, nami nikafurahi kwamba penseli iko mkononi mwangu na si mwake. Baba akanimegea kipande cha sukari, akakiweka kwenye sahani yangu ya chai kama anavyofanya tangu nikiwa mdogo. Akaniuliza, "Yetu utaipaka nini?" Nikamwambia nitapaka kile macho yangu yatakachoona. Akatikisa kichwa kukubali, akasema vizuri.

Kwa kweli macho yameona njano. Mikomamanga ina kiu, lakini hai. Njano inatosha kupata maji.

15 Shahrivar

Mzunguko mpya wa barabara kuu, ule uliopandwa maua. Nikachutama niyaguse. Plastiki. Nyasi plastiki, maua plastiki, na mzee mmoja ameajiriwa kuyafuta vumbi kwa kitambaa.

Nikapaka kijivu. Mhandisi Kiani akairudisha. "Wakubwa wanaitaka kijani, bibie. Mtu akipita na gari anaona kijani, si ndiyo?"

Nikamwuliza kama nako tupeleke maji. Akanitazama kwa macho ya mtu asiyelala, akasema, "Usinichokoze, nina sukari." Tukaacha hapo.

21 Shahrivar

Leo tumegombania mto. Mto wenyewe, Zayanderud! Vijana wanacheza mpira chini ya matao ya daraja, ardhi imepasuka vipande vipande, na kanuni inasema njia ya maji hutambuliwa kwa kile kinachoonekana siku ya ukaguzi. Mwenzangu mmoja kaandika "uwanja wa wazi". Mimi nikaandika "mto". Karatasi yangu ikarudi na wino mwekundu: Maji yako wapi?

Nimekaa na swali hilo jioni nzima. Zamani tulipokuwa tukibishana na watu wa miji mingine tulikuwa na neno moja tu la kuwanyamazisha: sisi tuna mto. Siku hizi wao ndio wanaotukumbusha, na wanacheka.

Mwishowe Kiani alifuta maandishi yetu yote mawili, akaacha nafasi wazi.

28 Shahrivar

Vumbi. Jua halikuonekana, wala mvua haikuja. Nimekohoa siku nzima.

4 Mehr

Shule zimefunguliwa. Nimepita kwa Baba baada ya kazi, na mikomamanga ya upande wa ukuta wa kaskazini imebadilika.

Si kiu. Kiu naijua. Mti wenye kiu hujikunja wote kwa pamoja, kama mtu mwenye baridi. Hii majani yake yameungua kwenye kingo tu, katikati bado mabichi. Nikapiga magoti. Shinani udongo una ukoko mweupe. Nikaweka kidole mdomoni: chumvi.

Mjini kwetu kila mtu anajua maana yake. Sheria haimruhusu mtu kukata bustani hai, basi watu huiua kimyakimya. Dizeli, chumvi, maji ya betri. Kisha wanamwita mkaguzi, wanashika vichwa, wanalia, jamani tazama balaa lililotupata. Mwezi huu nimekwisha kuona watatu wanaolia hivyo.

Ila sikutarajia kuliona kwetu. Miti ile Mama aliipanda akiwa na mimba yangu. Nimeondoka kwa hasira bila kufunga lango.

Katika nyumba ile kuna watu wawili tu, na mmoja ndiye aliyeniomba nipake kijivu.

6 Mehr

Nimesema. Nilingoja tumalize kula, Baba akachukua gazeti lake, nikamgeukia Jahangir.

"Chumvi unanunua wapi?"

Akakaa na kijiko cha chai hewani. Akamtazama Baba, kisha akanitazama mimi. "Chumvi gani?"

"Usijifanye. Ya shinani. Umeshindwa kumngoja mzee afe, umeona uanze na miti?"

"Mahrokh!" Baba akasema nyuma ya gazeti.

"Mwache, Baba," Jahangir akasema taratibu. Uso ulikuwa umemshuka. "Ameshaamua. Mtu wa serikali akishaamua, nani atampinga?"

"Kwa hiyo hukatai?"

"Nikikataa utaniamini?"

Nikamwambia la. Akaondoa vyombo mezani, akaviosha vyote, jambo ambalo halifanyi hata siku ya sikukuu. Baba hakugeuza ukurasa wa gazeti muda wote ule. Nilidhani ni aibu ya mzazi kwa mwana aliyepotoka, nikamwonea huruma.

Nimeapa sitasema na Jahangir tena.

13 Mehr

Miti ya safu ya pili nayo.

14 Mehr

Nilikwenda kazini, nikarudi. Nimepaka kijivu mtaa mzima wa bustani za mitufaha, moja baada ya nyingine, na hakuna aliyebisha. Hilo ndilo linalonitisha. Mwezi uliopita walikuwa wakinifuata mpaka barabarani.

26 Mehr

Mavuno, kama yanastahili jina hilo. Makomamanga madogo, yamepasuka mtini, ndani punje zimepauka kama fizi za mgonjwa. Jahangir alibeba vikapu, mimi nikachuma, bila neno kati yetu. Baba alikaa kwenye kiti cha plastiki akitenga mazuri na mabaya, na rundo la mabaya lilimfika magotini.

Jirani yake mmoja akapita, akapiga kelele kutoka ukutani, "Nosratollah, mwaka huu umevuna zabibu?"

"Ndiyo, na wewe njoo ukope, nakujua!" Baba akamjibu. Tulicheka sote watatu, hata mimi na Jahangir, kisha tukakumbuka kwamba tumenuniana.

5 Aban

Wingu moja. Watu walitoka madukani kulitazama. Limepita.

11 Aban

Sijui nianzie wapi.

Nilikwenda kwa Baba adhuhuri bila kumwambia, kupima kwa mara ya mwisho kabla ya orodha kufungwa. Lango lilikuwa limeegeshwa tu. Nikamkuta safu ya tatu, amechutama, ndoo ya maji ya chumvi kando yake, anamimina kwa kikombe. Kikombe cha chai, kile chenye ua la bluu. Anamimina polepole kuzunguka shina, anangoja unyevu unywewe, anamimina tena. Mkono wa pili ulikuwa umeushika mti.

Nikamwita, "Baba." Hakushtuka. Alimaliza kikombe alichokuwa nacho.

"Kaa," akasema. "Si kwenye udongo, utachafua suruali."

Nikakaa kwenye udongo. Nikamwuliza kwa nini, nikamwuliza tena na tena kama mtoto, mpaka akaniwekea kiganja mdomoni.

"Mkomamanga haufi upesi kwa kiu," akasema. "Ungekufa upesi ningeuachia Mungu. Unakufa tawi moja mwaka huu, tawi moja mwakani. Kila asubuhi nafungua dirisha unanitazama. Nimeipa maji yangu ya kunywa, nimeipa maji ya kunawia. Nimechoka kuwa na deni na miti."

"Lakini maji yanakuja, Baba. Nimekwambia. Ni njano, mtapata."

"Siku tano za maji. Halafu?" Akafuta kikombe kwa shati. "Na ndugu yako je? Mara mbili ameitwa kazini. Mara mbili amesema hapana, eti bei ya kodi huko juu, eti nani atamtazama mzee. Haondoki kwa sababu mimi siondoki. Mimi siondoki kwa sababu ya hii. Basi hii ikifa, si kila mtu atakuwa huru?"

"Yeye anajua?"

"Alinikuta mwezi wa Shahrivar. Alilia huyo, usimwone hivyo. Akaninyang'anya ndoo. Nikanunua nyingine."

Kwa hiyo siku ile mezani alijua. Aliliacha tusi langu limwangukie yeye, ili mimi nisimtazame Baba kama nilivyomtazama leo. Nami nikamwambia anangoja mzee afe.

Nilikwenda kumtafuta kwenye banda lake. Alikuwa amejiingiza nusu ndani ya mashine ya kupozea hewa, miguu tu nje. Nikaiambia ile miguu, "Nisamehe." Ikatulia.

"Umemwona?" akauliza kutoka ndani.

"Nimemwona."

"Nipe koleo hiyo hapo."

Nikampa. Ndiyo yote tuliyoyasema, na nililia njia nzima kurudi nyumbani.

18 Aban

Baba amenipigia simu. Yeye hapigi simu, husema simu ni ya misiba. "Andika imekufa, mwanangu. Nifanyie hilo. Nisilazimike kumaliza safu zilizobaki."

Nilimwambia zaidi ya nusu bado hai. Akasema anajua, ndiyo maana anaomba.

25 Aban

Nimepaka kijivu.

Nimeandika: hakuna mti hai. Mistari miwili na saini. Safari hii sikuandika nilichokiona. Niliandika nilichoombwa. Mhandisi Kiani akasoma, akavua miwani. "Poleni," akasema, na alimaanisha. Nilitamani anitukane.

30 Aban

Orodha imefungwa.

3 Azar

Majani yameshuka yote. Wakati huu wa mwaka mkomamanga hai na mfu ni mamoja kwa mtazamaji. Yote ni vijiti.

Baba alituita tuje kuanza kukata. Alikuwa amenoa shoka, amevaa koti lake la sherehe, sijui kwa nini. Jahangir alikuwa na msumeno. Tukasimama mbele ya mti wa kwanza karibu na lango, mkubwa kuliko yote, ambao chumvi haikuufikia.

Kwetu kuna desturi ya mti usiozaa. Mtu mmoja anausogelea na shoka, anaukaripia, anasema leo nakukata. Mwingine anamshika mkono, anasema mwache, mimi mdhamini wake, mwakani atazaa. Basi shoka linawekwa chini, na mti, wasemavyo watu, unaogopa na kuzaa. Baba na Mama walikuwa wakiufanya mchezo huo kila majira ya baridi, sisi watoto tukicheka mpaka tumbo linauma.

Leo hapakuwa na mchezo. Baba aliinua shoka kweli, pumzi inamkwaruza, akausemesha mti kwa sauti ndogo, "Haya. Nakukata."

Mimi sikumshika mkono. Nilikuwa nimekwisha tia saini.

Ndipo Jahangir, mtu wa Rasht, mtu wa tuuze twende, akadondosha msumeno. Akamdaka Baba mkono. "Mwache! Mwache, Baba. Mimi mdhamini wake."

"Usicheze."

"Sichezi. Mimi mdhamini wake. Na wa yule. Na wa yule pale." Alikuwa analia, kamasi zinamtoka, mtu wa miaka arobaini. "Rasht siendi. Nani kakwambia nataka kwenda bila hii? Nilikuwa naropoka tu, Baba, joto lilinizidi!"

Shoka lilibaki hewani kwa muda, kisha likashuka polepole. Baba akauegemea mti, akaanza kucheka, cheko la zamani lile, lenye kikohozi ndani yake. "Mdhamini mwenyewe hata leseni ya pikipiki hana," akasema.

Mchana wote walichota maji ya bomba kuosha chumvi kwenye miti ambayo bado inaweza kuoshwa. Jahangir aliimba, vibaya. Baba alikwangua gome kwa ukucha, mti baada ya mti, akaniita kila alipoona ubichi chini yake: "Njoo uone! Na huu! Njoo uone!" Nilikwenda kila alipoita. Nilitazama, nikasema ndiyo Baba, naona.

4 Azar

Nilimngoja Mhandisi Kiani mlangoni. Nikamwambia bustani ile i hai, nilikosea, naomba kubadilisha.

Akafunga mlango. "Ulikosea au ulidanganya?"

Nikamwekea mezani barua ya kuomba marekebisho.

"Basi nisikilize, dada yangu. Nikisema ulikosea, watauliza kwa nini mkaguzi hajui mti hai. Nikisema ulidanganya, ndiyo kwisha. Vyovyote vile wataitupa kazi yako yote ya mashariki, kila ukurasa, irudiwe. Maji yanafunguliwa wiki hii. Bustani ngapi za njano umeziandika kule?"

Nilijua ngapi. Nilijua na majina ya wenyewe.

"Wote watakosa," akasema. "Wewe niambie, niipeleke barua?"

Nikaichukua barua yangu mezani. Kisha nikamwambia hapana.

5 Azar

Nimewaambia. Jahangir akapiga teke ndoo. Baba akauliza jambo moja tu: kama wataniachisha kazi. Nikasema hapana, kama hakuna atakayesema kitu. Akasema, "Basi hakuna atakayesema."

8 Azar

Mto umefunguliwa. Mji mzima uko madarajani, honi, peremende zinagawiwa, watu wanaingia majini na viatu. Sikwenda.

9 Azar

Maji yamefika kwenye madi yetu asubuhi. Yanakuja kwanza na uchafu, majani na povu la kahawia, halafu yanasafika. Tulisimama watatu ukutani tukisikiliza.

Wafanyakazi wanayafuata mtaa kwa mtaa, vilango vya bustani za njano wanavifungua, vya kijivu wanavijenga kwa matofali maji yasipotee. Kwetu alikuja fundi mmoja, mtu mzima, muungwana, pamoja na msaidizi wake. Alitazama karatasi, akatazama miti. Akaukaribia ule mkubwa wa langoni, akakwangua kwa mwiko. Kijani.

"Mzee," akasema, "mbona huu kama uko hai? Karatasi yangu inasema kote kumekufa. Labda wamekosea huko ofisini. Nikiwapigia sasa hivi mkuu wao anakuja, dakika tu."

Alikuwa ameshatoa simu. Jahangir akanitazama, akainamisha kichwa. Mimi nikafungua mdomo, kwa kweli nilifungua, lakini Baba alinitangulia.

"Hawajakosea. Aliyeandika ni binti yangu, huyu hapa. Ni mhandisi, mtu wa makini, hakosei." Akalipiga shina kofi dogo, kama mtu anayemuaga punda wake. "Ubichi huo ni wa juu tu. Imekufa, fundi. Wewe funga."

Fundi akatutazama sote watatu kwa zamu. Akarudisha simu mfukoni, akapiga magoti kwenye kilango, akaomba matofali.

Upande wa pili wa ukuta maji yalikuwa yakipita. Baba alikaa kwenye kiti chake cha plastiki, karibu na fundi, wakaanza kuzungumza habari za bei ya saruji. Baada ya muda akageuka, akaniambia mgeni anafanya kazi kwetu tangu asubuhi na hajanywa kitu, tunaaibisha nyumba.

Nikaenda kuwaletea chai.